Utulivu wa Galio na Maji ya Shangazi

Falsafa ya Wastoiko imerudi, na safari hii imerudi kwa njia ya simu. Wanafunzi wangu hutumiana katika makundi yao picha ya sanamu ya mzee mwenye ndevu, na chini yake maneno machache kuhusu kutotikisika, kutojali na kutomjibu aliyekuudhi. Nikiwa likizo nyumbani Tukuyu, nayakuta maneno hayohayo kwenye simu za vijana wa bodaboda. Sina ugomvi na mzee huyo mwenye ndevu. Nimemsoma kwa miaka mingi na mshahara wangu kwa sehemu unatokana na kumfundisha. Hata hivyo, katika safari yake ya kuingia kwenye simu, mafundisho yake yamepunguzwa hadi yakabaki neno moja: nyamaza.

Neno hilo likifika Rungwe halikuti uwanja mtupu. Linakuta jamii ambayo tayari inamsifu anayefunika kombe ili mwanaharamu apite, inayomwita mvumilivu mtu aliyekaa na kinyongo miaka kumi bila kukitamka. Ndiyo maana naandika makala haya. Naamini kwamba Wastoiko hawakufundisha kunyamaza. Naamini pia kwamba wazee wa Rungwe, ambao hawakupata kumsikia Seneca, walijua jambo moja kuhusu hasira ambalo Wastoiko hawakulisema vya kutosha.

Msomaji wa Biblia amekwisha kukutana na jina hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo anajadiliana huko Athene na Waepikureo na Wastoiko. Shule ya Wastoiko ilianzishwa na Zeno, mtu wa kisiwa cha Kipro, aliyeanza kufundisha Athene karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, katika ukumbi wa nguzo uliopambwa kwa picha. Ukumbi wa namna hiyo kwa Kigiriki ni stoa, na hapo ndipo jina lilipotoka. Kati ya waliokuja baadaye, watatu ndio wanaosomwa zaidi leo: Seneca, tajiri aliyekuwa mwalimu wa Nero, Epictetus, aliyewahi kuwa mtumwa, na Marcus Aurelius, aliyeitawala dola ya Rumi kuanzia mwaka 161 hadi 180. Tajiri, mtumwa na mtawala walikubaliana katika jambo moja la msingi: kwamba yapo yaliyo mikononi mwetu na yapo yasiyo mikononi mwetu, na kwamba kinachotuvuruga zaidi ni hukumu tunayoitoa juu ya tukio kuliko tukio lenyewe.

Seneca aliandika kitabu kizima kuhusu hasira, na humo anaipasua hasira kama fundi anavyofungua injini. Anasema ina hatua tatu. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mkulima amesimama kando ya barabara na matenga yake ya parachichi. Mnunuzi anashuka kwenye gari, anayatazama matunda kwa dharau, kisha anataja bei ambayo ni nusu ya ile waliyokubaliana kwa simu. Damu inampanda mkulima, masikio yanapata moto. Hiyo ni hatua ya kwanza, na kwa Seneca bado si hasira. Ni mshituko wa mwili, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kama asivyolaumiwa mtu anayetetemeka mvua ya Tukuyu inapomkuta bila mwavuli. Hatua ya pili ni pale akili inapotia sahihi: huyu amenidhulumu, na lazima alipe. Hatua ya tatu ni pale ambapo akili haishikiki tena, na mkono umekwisha kulifikia panga. Uhuru wa mtu, kwa maelezo ya Seneca, uko katika ule upenyo mwembamba kati ya hatua ya kwanza na ya pili. Dawa yake kuu ni kuchelewesha. Usiweke sahihi leo.

Dawa hii inafanya kazi, nami nimeionja. Miaka michache iliyopita, katika taasisi moja ambayo sitaitaja, niliambiwa kwamba faili langu la kupandishwa cheo, nililokuwa nimelifuatilia kwa miezi kumi na minne, halionekani. Aliyenipa habari hiyo alikuwa akila karanga, na hakuinua macho. Nilihisi hatua ya kwanza kwa ukamilifu wake wote. Nilimshukuru, nikatoka, nikatembea hadi nyumbani kwa miguu. Kesho yake asubuhi niliandika barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe tano, nakala tatu na ombi moja. Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Nataka msomaji aone kilichotendeka hapo: kuchelewesha hakukunifanya ninyamaze, bali kulinipa nafasi ya kusema kwa namna inayosikika. Seneca hakutaka zaidi ya hapo, na picha za kwenye simu haziifikii sehemu hiyo ya pili.

Sasa, kitabu hicho cha hasira Seneca alimwandikia nani? Alimwandikia kaka yake, Novatus. Baadaye Novatus alichukuliwa kuwa mtoto wa familia nyingine na jina lake likabadilika, akaitwa Gallio. Ndiye Galio wa Matendo, sura ya 18, liwali wa Akaya ambaye Paulo aliletwa mbele ya kiti chake cha hukumu huko Korintho. Tunasimuliwa kwamba alikataa kuisikiliza kesi, akawafukuza wote. Kisha watu wakamkamata Sosthene, mkuu wa sinagogi, wakampiga papo hapo mbele ya kiti cha hukumu, na Galio hakujishughulisha.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Msomaji wa kwanza wa kitabu maarufu kabisa cha Kistoiko kuhusu hasira yuko mbele yetu, na hana hasira hata chembe. Mtu anapigwa hatua chache kutoka miguuni pake, naye ametulia. Sisemi kwamba Seneca alimfundisha hivyo. Kitabu chenyewe kinaagiza kinyume chake, kwamba mtu mwema awatetee wenzake kwa sababu ni wajibu, bila kungoja hasira imsukume. Nasema tu kwamba kwa macho, utulivu wa mwenye hekima na utulivu wa asiyejali hufanana kama mapacha. Anayeweza kuwatofautisha ni yule anayepigwa.

Nimekulia katika nyumba yenye utulivu wa namna hiyo inayotatanisha. Babu yangu alipofariki, shamba lake la migomba na kahawa liligawanywa kwa maneno tu kati ya baba yangu na mdogo wake. Mpaka ulikuwa mstari wa migomba ambao kila mmoja aliukumbuka kwa namna yake. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua mtu, maana kipande chenye utata hakikuzidi hatua sita kwa upana. Ndipo ikaja biashara ya parachichi za Hass, na kila hatua ya ardhi ikapata bei. Mwaka mmoja baba mdogo alipanda miche kumi na miwili katika kipande kile. Baba aliiona, hakusema neno. Mama alipomuuliza, alijibu, “Yaishe.”

Hayakuisha. Yalidumu miaka kumi na mmoja. Baba hakumtukana mdogo wake, hakwenda baraza la ardhi, hakumsema kanisani. Majirani walimsifu kwa moyo wake mkubwa. Ila binti wa baba mdogo alipotolewa mahari, kiti cha baba mkubwa kilikuwa kitupu. Mchango wake ulifika kwa simu, mwenyewe hakufika. Sisi watoto tulijifunza kupita njia ya chini ili tusipite uani kwao. Mashamba mawili yalikuwa na mstari mmoja wa parachichi katikati, na mstari ule ukawa mrefu kuliko barabara ya Mbeya. Methali inasema ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime, na wakipatana uchukue kapu ukavune. Haikutuambia la kufanya ndugu wasipogombana kwa sauti.

Hapa ndipo wazee wanapoingia. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti wilayani Rungwe. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica ndiye aliyeandika vitabu vikubwa kuhusu Wanyakyusa, kimojawapo, cha mwaka 1957, kikihusu matambiko ya ukoo. Ukikisoma utakuta wazo linalojirudia: wazee waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu ina nguvu ya kudhuru, na kwamba tambiko haliwezi kufaa kitu ikiwa mmoja wa wahusika ameketi pale na kinyongo asichokitamka. Kwa hiyo kwanza ilipasa kusema. Mwenye la moyoni alilitoa mbele ya ndugu zake, na kupuliza maji kutoka kinywani kukawa alama kwamba hasira imekiriwa na imeachiliwa. Aliyejifanya hana hasira huku anayo ndiye aliyeogopwa.

Mafundisho haya yana upande wa giza, na itakuwa si haki kuuficha. Imani kwamba hasira ya mtu inaweza kuleta ugonjwa inapakana na imani ya uchawi, nasi tunajua jinsi wazee, hasa wanawake, walivyoumia katika nchi hii kwa kunyooshewa vidole kila mtoto anapougua. Sipendekezi turudi huko. Lakini ukiondoa woga wa uchawi, linabaki jambo thabiti: kinyongo hakikai ndani ya mtu mmoja. Kinatoka nje bila kutamkwa, kinaonekana katika kiti kitupu siku ya mahari na katika watoto wanaozunguka njia ya chini.

Sasa linganisha. Seneca anatueleza desturi yake ya kila usiku: taa ikishaondolewa na mke wake akishanyamaza, yeye hujihoji juu ya siku nzima, wapi alikasirika, wapi alivuka mpaka. Ni desturi njema na ninawashauri wanafunzi wangu waijaribu. Lakini tazama mahakama hiyo ilivyo. Mshitakiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja, gizani, na hata mke amenyamaza. Inafaa sana kwa makosa yangu mwenyewe. Haifai kwa jambo lililo kati yangu na ndugu yangu, kwa sababu nusu ya ushahidi iko kwake.

Epictetus mwenyewe anatupa ufunguo. Anafundisha kwamba taswira kali inapotujia, tuiambie isubiri kidogo ili tuipime. Basi, taswira iliyomtesa baba ilikuwa hii: mdogo wangu amenidharau. Angeipima vipi akiwa peke yake? Ungeweza kumpa miaka mingine kumi na mmoja ya kutafakari, na asingepata kipimo. Kipimo kilikuwa ng’ambo ya mstari wa parachichi, kikipalilia migomba.

Kilipatikana bibi alipofariki. Baada ya maziko kilikaa kikao cha familia, kama ilivyo kawaida, cha kuhesabu michango na madeni. Mimi, kwa sababu ya kalamu, nilipewa kazi ya kuandika muhtasari. Shangazi, dada yao mkubwa, mwanamke wa Kanisa la Moravian tangu utoto wake, aliomba jagi la maji na kikombe viwekwe katikati. Watu walitazamana. Akasema, “Sitaki matambiko. Mama aliniambia kwamba zamani watu walianza na maneno, ndipo yakafuata maji. Mimi nataka maneno. Maji ni ya kunywa, maana mtakauka koo.”

Palikuwa na kimya kirefu. Kisha baba akasema, akimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza katika muda ambao siwezi kuukadiria: “Miche ile uliipanda nikiwa nimelazwa Mbeya. Ardhi haikuniuma. Kiliniuma kwamba ulingoja siku ambayo sipo.”

Baba mdogo alijibu baada ya kunywa maji yake yote. “Miche ilifika siku ile, ingekauka. Nilijua utakuja kunigombeza. Nilikungoja. Hukuja. Nikasema moyoni, kaka ananiona mimi si mtu hata wa kugombezwa.”

Niliyaandika maneno hayo katika muhtasari, na daftari lile bado ninalo. Miaka kumi na mmoja ya uvumilivu, ambayo kijiji kizima kiliisifu, upande wa pili ilisomeka kuwa dharau. Wawili hao walikuwa wamebeba jeraha moja, kila mmoja akidhani ni lake peke yake.

Sitaki kuipamba hadithi hii. Mpaka ulipimwa kwa kamba, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na miti ikabaki ya baba mdogo; baba alipewa mitatu, akaikataa, kisha mwaka uliofuata akaanza kuichuma kana kwamba hakuikataa. Mpaka leo hawakubaliani kuhusu mbolea, siasa na mwanakwaya mmoja. Tofauti ni kwamba sasa wanagombana kwa sauti, na jioni wanakunywa chai katika uwanja mmoja. Kinyakyusa kina neno lutengano, maana yake amani. Sikio la Mswahili linaweza kulisikia kama utengano. Kwa miaka kumi na mmoja familia yetu ililisikia vibaya namna hiyo: tulikaa mbalimbali, tukaita amani.

Epictetus ana mfano ambao sasa siwezi kuufundisha bila kuufikiria uwanja ule. Anasema kila jambo lina mishikio miwili, mmoja unabebeka na mwingine haubebeki. Ndugu yako akikukosea, usilishike jambo kwa upande wa kosa, maana halitabebeka; lishike kwa upande huu, kwamba ni ndugu yako na mlilelewa pamoja. Wengi wanalisoma fundisho hilo kuwa amri ya kusamehe kimyakimya. Nadhani yeyote aliyewahi kubeba sufuria kubwa la msibani anajua zaidi: sufuria la moto halibebwi na mtu mmoja. Mshikio mmoja unashikwa na wewe, mwingine na mwenzako, na ili mwende pamoja lazima mmoja aseme, “Haya, inua.”

Naona hatari ya somo hili kubaki nyumbani, wakati linahusu pia uwanja wa umma. Katika nchi yetu neno uvumilivu husafiri zaidi kutoka juu kwenda chini. Mgonjwa aliyekaa benchi tangu alfajiri anaambiwa avumilie. Mkulima aliyepeleka majani ya chai na hajalipwa anaambiwa avumilie. Anayemwambia hakukaa benchi. Vijana wakiletewa Wastoiko waliopunguzwa hadi neno moja, wataletewa mzigo uleule wenye chapa ya Kigiriki: bei si mikononi mwako, barabara si mikononi mwako, kwa hiyo tulia.

Wastoiko wenyewe wangeshangaa. Epictetus alimheshimu sana Helvidius Priscus, mjumbe wa baraza la Seneti la Rumi. Anasimulia kwamba Kaisari Vespasian alimtaka asihudhurie kikao, naye akajibu kwamba Kaisari ana uwezo wa kumwondoa katika baraza, lakini madhali ni mjumbe atahudhuria, na akiulizwa maoni atasema analoliona kuwa haki. Helvidius aliuawa. Matokeo hayakuwa mikononi mwake, na alijua. Kusema kulikuwa mikononi mwake. Hivyo ndivyo mstari wa Wastoiko unavyochorwa: bei ya soko la dunia siimiliki, lakini sauti yangu katika mkutano wa kijiji ni yangu. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe hawakuhitaji kumsoma Epictetus ili walijue hilo. Walijiunga katika chama chao, na kwa njia hiyo wakapata hisa katika kampuni inayosindika majani yao pale Katumba. Hisa hizo hazikumaliza shida zao. Lakini mwenye hisa hupewa kiti kikaoni, na kiti ni mahali pa kusemea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sikushauri umtupe mzee mwenye ndevu. Mpe kazi aliyoiweza. Damu ikipanda, chelewesha. Usiweke sahihi siku hiyo. Usiku jihoji, na ujihoji kwa haki. Kisha, ukikuta kwamba jambo bado lipo asubuhi, jiulize ushahidi uliobaki uko kwa nani, ukamwendee mchana, mbele ya mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili. Mwambie lililokuuma kwa maneno yasiyozidi mawili matatu, kisha mwache ajibu bila kumkatiza. Na uende na jagi la maji, maana Shangazi alisema kweli kuhusu koo.